Kijiti cha kushoto hakina mshiko mmoja halali

Wanaojifunza dramu, hasa za jazi, huambiwa kijiti cha kushoto lazima kilale penye shina la kidole gumba, kiganja kikielekea juu. Eti huo ndio mshiko wa kitaalamu. Si kweli. Ulitokana na ngoma za jeshini: mpigaji alitembea huku ngoma imening'inia kwa mkanda, imeinama upande, na kiganja kikielekea chini kiwiko kingelazimika kupanda mno. Kwenye seti ya dramu umekaa, na ngoma unaweza kuilaza sawa juu ya stendi.

Buddy Rich, mpiga dramu wa jazi, alitumia mshiko huo wa kiganja juu. Ringo Starr wa bendi ya Beatles alielekeza viganja vyote chini. Tony Williams, gwiji wa jazi, alitumia mishiko yote miwili. Anayeanza namshauri viganja chini: mikono yote hujifunza mwendo uleule.