Ningyō: dhana potofu kuhusu mwanasesere wa Kijapani

Dhana ya kwanza ni kwamba kistari kilicho juu ya herufi o katika neno ningyō ni pambo tu la maandishi. Ukweli ni kwamba kistari hicho huonyesha irabu inayovutwa, na mvuto huo ndio unaobeba maana: ningyō ni mwanasesere, ilhali ningyo, yenye o fupi, ni nguva wa kwenye ngano, nusu mtu na nusu samaki. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye hawezi kuchanganya kondo na kondoo, hana sababu ya kujikwaa hapa. Katika hati ya Kijapani utata huo haupo kabisa, kwani maneno yote mawili huanza na alama ya mtu, 人, lakini la kwanza hufuatiwa na alama ya umbo, 形, na la pili na alama ya samaki, 魚. Kwa hiyo anayejifunza kwa herufi za Kirumi peke yake anajinyima msaada mkubwa, tena wa bure.

Wengine hudhani kuwa ningyō lazima iwe kitu cha kuchezea watoto. Sivyo. Zile ziitwazo hina-ningyō, ambazo hupangwa kwa ajili ya sikukuu ya wasichana ya tarehe 3 Machi kwenye ngazi zilizotandikwa kitambaa chekundu, mfalme na malkia wakiwa juu kabisa, ni za kutazamwa. Neno hilohilo hutumika kwa vikaragosi vya maigizo ya Bunraku, ambamo kikaragosi kikuu kimoja huendeshwa na watu watatu: wa kwanza hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, na wa tatu miguu. Dubu wa kitambaa aliyejazwa pamba, kwa upande wake, kwa kawaida huitwa nuigurumi.

Dhana ya mwisho, kwamba ningyō huhesabiwa kama kiumbe hai, hutoka kwenye sarufi yetu wenyewe, kwa kuwa Kiswahili humpa mwanasesere upatanisho wa viumbe hai. Kijapani hakifanyi hivyo: husemwa ningyō ga arimasu, yaani kuna mwanasesere, wala hakitumiki kitenzi imasu, ambacho ni cha watu na wanyama. Watu wawili ni futari, lakini wanasesere wawili ni nitai, na neno ningyō lenyewe halibadiliki katika wingi.