Namna mirija inavyofungwa kwenye bamba la boila ya mvuke

Mtu anayefunguliwa mlango wa boila ya mvuke kwa mara ya kwanza huona bamba nene la chuma lililotobolewa matundu mengi, na katika kila tundu mdomo wa mrija umekaa sawasawa kana kwamba umeota humo. Hakuna skrubu, hakuna nati, na mara nyingi hakuna hata alama ya weldi. Ndiyo maana vijana wanaoanza kazi hii huniuliza mrija umeshikwa na nini. Jibu ni kwamba umeshikwa na bamba lenyewe, ambalo lilisukumwa kidogo wakati wa kufunga na tangu hapo linataka kurudi mahali lilipokuwa. Anayelielewa jambo hilo atajua mwenyewe kwa nini tundu linasafishwa vile, kwa nini mrija uwe laini kuliko bamba, na kwa nini fundi mwenye nguvu nyingi za mikono huharibu kazi kuliko mwenye nguvu chache.

Kwanza tuone kiungo hicho kinabeba mzigo gani. Katika boila ya mirija ya moto, gesi za moto hupita ndani ya mirija na maji huizunguka kwa nje, kwa hiyo mirija ndiyo inayounganisha mabamba mawili bapa ambayo mvuke unayasukuma yaachane. Tukichukua shinikizo la baa 10, na matundu ya milimita 51 yaliyopangwa kwa mraba kwa umbali wa milimita 70 kati ya kitovu na kitovu, kila mrija unapaswa kuzuia takribani nyutoni 2,850, yaani uzito wa kilo 290 hivi. Katika boila ya mirija ya maji mambo hugeuka: maji yamo ndani ya mirija, moto uko nje, na ncha za mirija huingia katika ngoma, yaani silinda kubwa ya chuma inayoshika maji na mvuke. Hapo shinikizo hujaribu kuufyatua mrija utoke tunduni, na kwa baa 60 mrija wenye kipenyo cha nje cha milimita 50.8 husukumwa kwa nyutoni 12,000 na zaidi, ambazo ni uzito unaopita tani moja. Mzigo huo wote unabebwa na ukanda wa mguso usiozidi sana unene wa bamba.

Watu wa zamani walifikiria skrubu kabla ya kitu kingine chochote. Garimoshi la Rocket, lililotengenezwa Uingereza mwaka 1829, lilikuwa na mirija 25 ya shaba nyekundu yenye kipenyo cha inchi 3, na kwa mujibu wa masimulizi ya Robert Stephenson mwenyewe, mirija hiyo ilijaribiwa kwanza kufungwa kwa skrubu za shaba ya njano kwenye ncha za boila. Boila ilipojazwa maji na kupewa shinikizo, maji yalichuruzika kwenye viungo. Kilichofaa kilikuwa ni kutoboa matundu kwa usahihi na kuingiza mirija iliyobana barabara. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1867, Richard Dudgeon wa New York, ambaye pia anakumbukwa kwa jeki yake ya maji, alipata hataza ya kipanuzi cha rola, na chombo tunachotumia leo ni kilekile kwa asili yake.

Kipanuzi hicho ni kifaa rahisi. Ni kikombe cha chuma chenye nafasi tatu au zaidi, kila nafasi ikiwa na rola ngumu, na katikati hupita mhimili uliochongoka taratibu kuelekea nchani. Mhimili ukizungushwa, rola huzunguka pamoja nao ndani ya mrija, na kwa kuwa zimewekwa kwa kuinama kidogo, huuvuta mhimili uingie zaidi, nao kila unapoingia huzisukuma rola nje. Ukuta wa mrija hupanuka hadi ukagusa tundu. Mpaka hapo hakuna kilichofungwa bado. Mrija umekaa tu. Kazi yenyewe huanza baada ya mguso huo, pale rola zinapoendelea kusukuma na ukuta wa mrija, usiokuwa na pa kwenda, unaanza kukandamizwa kati ya rola na bamba.

Sasa tazama tofauti ya tabia za metali hizi mbili. Mrija umevuka kikomo chake cha kunyumbuka, hivyo umebadilika umbo moja kwa moja na hautarudi udogo wake. Bamba linalouzunguka limepanuliwa pia, lakini sehemu yake kubwa bado iko ndani ya kikomo, kwa hiyo rola zikitolewa linarudi. Mrija nao hurudi kidogo, ila bamba linataka kurudi zaidi ya mrija, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayobaki kama mbano wa kudumu, mfano wa pete ya chuma inavyoubana mpini wa jembe. Ndiyo sababu mrija unatakiwa uwe na chuma laini kuliko bamba. Mrija ukiwa mgumu zaidi, bamba ndilo litakaloharibika umbo kwanza, na rola zikitoka mrija utanywea kuliko tundu na kuacha mwanya. Ncha za mirija zikifika zikiwa ngumu, huwa nasisitiza zipashwe moto na kuachwa zipoe polepole kabla ya kuingizwa.

Maandalizi ya tundu yanastahili muda mrefu kuliko upanuzi wenyewe, ingawa mafundi wengi hufanya kinyume. Tundu huzidi kipenyo cha nje cha mrija kwa sehemu ya milimita tu. Likiwa kubwa mno, mrija hulazimika kunyooshwa sana kabla ya kugusa, nao huwa mgumu kwa kunyooshwa huko hata ukafika kwenye bamba ukiwa umeishiwa ulaini. Uso wa tundu uwe safi, usiwe na mafuta, kutu wala rangi. Jambo ninaloliangalia kwa tochi na kwa ncha ya kidole ni mikwaruzo. Mkwaruzo unaozunguka tundu kama duara hauna madhara makubwa, na katika kazi za shinikizo la juu sisi wenyewe huchonga mfereji mwembamba wa namna hiyo ili chuma cha mrija kiingie humo na kuongeza nguvu ya kushika. Mkwaruzo unaokwenda kwa urefu, kutoka upande wa maji hadi upande wa nje, ni njia ya kuvujia iliyo tayari, na hakuna kiasi cha kupanua kitakachouziba kwa kuaminika. Kingo za tundu nazo huondolewa ukali ili zisiukate mrija. Ncha ya mrija husuguliwa mpaka ing'ae pande zote. Mafuta huwekwa kwenye rola na mhimili peke yake, kamwe si kati ya mrija na tundu.

Swali linalofuata ni kupanua kiasi gani. Tunapima kwa asilimia ya unene wa ukuta uliopungua, na kwa mirija ya chuma ya boila kiasi cha kati ya asilimia 6 na 10 ndicho kinachotumika sana, kutegemea metali na maelekezo ya mtengenezaji. Hesabu yake haihitaji zaidi ya kalipa nzuri. Tuseme mrija una kipenyo cha nje cha milimita 50.8 na ukuta wa milimita 3.2, basi kipenyo chake cha ndani ni 44.4. Tundu limepimwa na kuwa 51.4, hivyo kuna nafasi ya 0.6. Mrija utakapogusa tundu, kipenyo cha ndani kitakuwa kimefika karibu 45.0. Tukitaka kupunguza ukuta kwa asilimia 8, tunaongeza asilimia 8 ya kuta mbili, yaani 0.08 mara 6.4, ambayo ni 0.51. Kipenyo cha ndani cha kusimamia ni milimita 45.5. Hiyo nusu milimita ndiyo tofauti kati ya mrija uliokaa tu na mrija uliofungwa, na ndiyo maana siamini kupima kwa macho wala kwa mlio wa mashine. Mota za kupanulia zinazojizima zikifika nguvu iliyopangwa ni msaada mkubwa, lakini kwanza zipangwe kwa kupanua mirija michache na kuipima.

Kuzidisha ni kosa baya kuliko kupunguza, kwa sababu kilichopungua kinaweza kuongezwa. Ukipanua kupita kiasi, ukuta wa mrija hukonda na kuwa mgumu na wenye kuvunjika, bamba nalo huvuka kikomo chake cha kunyumbuka na kupoteza ule mbano tuliokuwa tukiutafuta. Zaidi ya hapo, daraja jembamba la chuma kati ya tundu na tundu husukumwa pande zote, na matundu ya jirani hugeuka kuwa ya mviringo wa yai. Mrija uliokuwa mzima jana unaanza kuvuja leo kwa kosa lililofanywa kwa jirani yake. Fundi asiyejua hukimbilia kuupanua huo nao, na ugonjwa unasambaa bamba zima.

Kwa sababu hiyo hiyo mpangilio wa kazi una uzito wake. Chuma kilichokandamizwa hutafuta pa kwenda, na sehemu yake huenda kwa urefu, kwa hiyo mrija hurefuka kidogo kila unapopanuliwa. Ukianza kona moja na kufuata safu baada ya safu, bamba litapinda. Mimi hufunga kwanza mirija michache iliyotawanyika pembeni na katikati ili mabamba yashike umbali wake, kisha hurukaruka kutoka eneo hadi eneo. Upande mmoja humalizwa wote huku ncha za upande wa pili zikiwa huru kusogea, halafu ndipo huhamia huko.

Mdomo wa mrija unaotokeza nje ya bamba hushughulikiwa kulingana na aina ya boila. Katika ngoma ya mirija ya maji hupanuliwa kama tarumbeta ili usiweze kurudi nyuma. Katika boila ya mirija ya moto, upande unaopokea gesi za moto, mdomo hukunjwa na kulazwa kwenye bamba, kwa kuwa chuma kinachotokeza hakipozwi na maji. Kikiachwa kirefu huungua, hupasuka, na mipasuko hiyo hutambaa kuelekea ndani.

Ni kweli kwamba siku hizi boila nyingi huchomelewa midomo ya mirija, hasa upande huo wa moto. Sina ugomvi na weldi, ila nina ugomvi na wazo kwamba weldi inafuta haja ya kupanua. Weldi ya kuziba iko kwenye uso wa nje wa bamba tu. Nyuma yake, kama mrija haukupanuliwa, unabaki mwanya mwembamba ambamo maji ya boila huingia, huchemka na kuacha chumvi zake. Mwanya huo pia huuzuia mdomo usipoe vizuri. Utaratibu ninaoupendelea ni kupanua kidogo mpaka mrija uguse, kusafisha mafuta yote kwa kuwa mafuta huijaza weldi vitundu, kuchomelea, kisha kumalizia upanuzi kwa kuacha nafasi kidogo nyuma ya weldi ili rola zisiipasue.

Niongeze neno juu ya ukuta uliopinda, kwa kuwa huulizwa na wanaotaka kupitisha mrija wa kupashia joto, au hita ya umeme, katika ubavu wa silinda. Ubavu wa boila ndogo kwa kawaida ni mwembamba mno kuushika mrija kwa kupanua, na tundu lililokatwa kwenye uso wa mviringo halina kina sawa kuzunguka. Hapo huchomelewa shingo yenye flanji, yaani ukingo bapa wenye matundu ya bolti, na kifaa hufungwa kwa bolti na gasketi inayostahimili joto la mvuke, ambalo kwa baa 10 ni nyuzi 184 hivi. Iwe kwa njia hii au ile, kazi ya kutoboa chombo cha shinikizo ifanywe na fundi mwenye idhini na ikaguliwe kabla ya kuwashwa.

Jaribio hufanywa kwa maji baridi yasiyo na hewa ndani, kwa kawaida kwa shinikizo la mara 1.5 ya kile kinachoruhusiwa, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa na kiungo kikiachia hakirushi vipande. Baada ya hapo adui mkubwa ni mabadiliko ya ghafla ya joto. Mrija ukipoa haraka kuliko bamba hunywea na mbano hulegea, na ndiyo maana boila iliyozimwa na kufunguliwa milango upesi huvuja asubuhi yake.

Mvujo mdogo usidharauliwe. Maji yanayopenya hugeuka mvuke njiani na kuacha kila kilichokuwa kimeyeyuka humo, ikiwamo kostiki soda, ambayo ikikolea ndani ya chuma chenye mkazo hukipasua bila dalili ya kukonda. Ukiona unga mweupe umezunguka mdomo wa mrija, zima boila, ipoe, ondoa shinikizo lote, kisha pima kipenyo cha ndani kabla ya kugusa kipanuzi. Kama bado kuna nafasi ya kupanua, ongeza kidogo. Kama mrija umeshafikia kikomo, utolewe: ncha yake huchanwa kwa urefu, hukunjwa kuelekea ndani na kuvutwa, huku patasi ikizuiwa isiguse ukuta wa tundu, kwani alama moja tu ya patasi iliyokwenda kwa urefu itaufanya mrija mpya uvuje palepale.