Dripu ya nguvu na bima ya mgonjwa: dhana nilizokutana nazo chumba cha daktari

Katika miaka yote niliyotibu, ombi nililolisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Daktari, niwekee dripu nipate nguvu." Nimestaafu, na bado majirani wananiletea ombi hilohilo barazani. Kwa kuwa Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na sasa kila mtu ana la kusema kuhusu bima, nimeona nizieleze pamoja dhana zinazohusu mwili na zile zinazohusu mfuko. Kwa maoni yangu zina mzizi mmoja: tumezoea kuyapima matibabu kwa wingi wa vitu tulivyopewa.

Dhana: Dripu huongeza nguvu, na sindano huishinda dawa ya kumeza

Tuitazame hiyo chupa. Dripu ya chumvi ya nusu lita ni maji yenye gramu 4.5 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Dripu ya sukari ya asilimia 5, yenye ujazo huohuo, ina gramu 25 za sukari, kiasi ambacho ni pungufu ya sukari iliyomo kwenye chupa moja ya soda. Chupa hizi huokoa maisha ya mtu aliyeishiwa maji kwa kuhara na kutapika, au asiyeweza kumeza chochote. Lakini kwa mtu aliyekuja kwa miguu yake akilalamikia uchovu, bakuli la uji lingemfaa zaidi, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu maji hayo yanaweza kuishia kwenye mapafu. Sindano nayo ina mahali pake, kwa mfano kwenye malaria kali, ila kwa mgonjwa anayeweza kumeza na asiyetapika, maradhi mengi ya kawaida hutibika vizuri kwa vidonge.

Nakiri kwamba zipo siku nilizokubali kuiweka dripu isiyohitajika, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kumweleza mgonjwa kulihitaji muda kuliko kumtundikia chupa.

Dhana: Nikijisikia vizuri, presha imepona

Shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili, na ndiyo maana wengi hulijua siku ya kiharusi. Mtu ambaye vipimo vyake vya siku tofauti vinafika 140/90 au zaidi ana tatizo hata kama analima ekari nzima bila kuchoka. Akipewa dawa na presha ikashuka, kushuka huko ni kazi ya dawa. Akiiacha mwenyewe bila ushauri, presha hurudi kimyakimya na kuendelea kuumiza moyo, macho na figo. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kwa maisha yake yote au hadi apandikizwe figo nyingine. Hakuna mfuko wa bima duniani usiotikiswa na gharama hiyo, ilhali vidonge vingi vya presha ni vya bei nafuu.

Dhana: Nimepima, nina taifodi na UTI sugu

Nilipoanza kazi, kila homa iliitwa malaria, na mara nyingi tulikuwa sahihi. Hali imebadilika: katika tafiti za kitaifa, kiwango cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara kilikuwa asilimia 18 mwaka 2008, na mwaka 2022 kilikuwa asilimia 8. Kipimo cha haraka kikionyesha kwamba malaria hakuna, mgonjwa hapendi kuondoka bila jina la ugonjwa, na mtoa huduma naye hapendi kuonekana hajui. Hapo ndipo taifodi hupatikana. Kipimo cha Widal, ambacho bado kinatumika sehemu nyingi, hutafuta askari wa mwili (kingamwili), wala si bakteria wenyewe. Askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani au chanjo, kwa hiyo jibu moja la Widal halithibitishi taifodi ya leo. Uthibitisho wa kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara.

Hiyo "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokwisha, nayo mara nyingi huanza na mkojo uliochukuliwa vibaya, ikafuatiwa na antibayotiki tatu tofauti ambazo hazikuhitajika. Usugu wa kweli huzaliwa hapo.

Dhana: Zahanati ni ya wasio na ndugu mjini

Presha, sukari, kliniki ya wajawazito na chanjo ni kazi za ngazi ya chini. Anayeruka hadi hospitali ya rufaa kwa mafua hujiongezea nauli na kumchelewesha mwenye saratani.

Dhana: Bima ni ya mgonjwa, na nisipoitumia nimeliwa

Wapo wanaosema kwamba zamani matibabu yalikuwa bure. Hayakuwa bure, yalilipiwa na kodi, hadi Serikali ilipoanza utaratibu wa kuchangia gharama mwaka 1993. Mwaka 1996 mfuko wa afya ya jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, mkoani Tabora, na mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukaanza na watumishi wa umma, wakikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza asilimia 3.

Hesabu ya bima ni ya upatu usio na zamu: wengi huweka, wachache huchukua, na hakuna ajuaye atakuwa upande gani. Wakijiunga wagonjwa peke yao, upatu unakufa. Tuliliona hilo kwenye Toto Afya Kadi, bima ya NHIF kwa watoto, iliyogharimu shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha kuandikisha mtoto mmojammoja, ikieleza kwamba wazazi wengi walikuwa wakileta watoto waliokwisha kuugua. Wazazi walikasirika, na siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewafafanulia hesabu hiyo mapema.

Wala mfuko haufilisiwi na wasiojiunga tu. Kituo kikilipwa kwa kila kitu kilichofanyika, dripu ya uchovu na Widal ya kila homa hugeuka ankara halali, na mgonjwa husaini fomu kwa furaha akiamini ametibiwa vilivyo.

Mimi mwenyewe sasa natumia kadi ya mstaafu na sikatwi tena hata senti. Vidonge vyangu vya presha vinalipiwa na vijana walioko kazini, ambao wengi wao hawajawahi kulazwa hata siku moja.