Maandamano hayaombewi kibali
Maandamano yakitajwa tu maskani hapa Mwembe Tayari, Mombasa, utaskia mtu na kikombe chake cha kahawa auliza "kwani polisi wamewapa kibali?" Yakhe, kibali cha nini? Zamani ndio ilikuwa lazima leseni, mkutano wa Saba Saba (7 Julai) 1990 wa kudai vyama vingi kule Kamukunji, Nairobi, serikali iliupiga marufuku na watu wakapigwa, lakini mageuzi ya sheria ya 1997 yakaondoa leseni ikabaki notisi tu, yani wampelekea mkuu wa kituo cha polisi siku 3 hadi 14 kabla, wamwambia wapi na saa ngapi, basi. Kumjulisha si kumuomba. Na kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chakupa haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha (hapo kwa silaha wengine hujifanya hawajasoma).