Je, wajua? Kwa nini aliyepanda mawimbi kumi hushindwa na aliyepanda mawili

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mawimbi tunayoyafahamu vizuri huku ni yale ambayo matatu hukurushia ukiwa umesimama stejini mvua ikinyesha. Kwa hiyo sikuwa na sababu yoyote ya kujua jinsi mashindano ya kuteleza mawimbini kwa ubao (surfing) yanavyoamuliwa. Hilo halikunizuia kuyafafanulia watu.

Usiku mmoja wa Agosti 2024 nilikuwa kwa kinyozi wangu Kawangware, runinga iko kwenye Olimpiki. Michezo yenyewe ilikuwa Paris, ila mchezo huu ulipelekwa Teahupo'o, kisiwani Tahiti, ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa kumi na tatu. Asubuhi yao ni usiku wetu. Ilikuwa nusu fainali ya wanaume, Gabriel Medina wa Brazil dhidi ya Jack Robinson wa Australia. Medina tulimjua sote. Juma moja nyuma alikuwa amepata 9.90 kwa wimbi moja, na picha aliyopigwa na Jérôme Brouillet, akiwa wima hewani na kidole juu, ubao wake umesimama kando kama askari, ilikuwa imefika katika kila simu.

"Mkubwa, hawa wanapewa alama kivipi?" kinyozi akauliza.

Nikamjibu bila kusita: mshindi ni anayepanda mawimbi mengi na kukaa juu ya ubao muda mrefu bila kuanguka. Na kwa kuwa Medina hakuwa ameanguka hata mara moja, niliweka soda mbili kwamba atapita. Robinson alimaliza na 12.33. Medina alimaliza na 6.33. Ni kweli hakuwa ameanguka: hakuwa amepanda. Bahari ilitulia, na muda wote ule alipata wimbi moja tu.

Nilikuwa nimekosea mara tatu katika sentensi moja, na kila kosa linastahili nafasi yake.

La kwanza ni muda. Hakuna anayeshika saa kupima umekaa juu ya wimbi sekunde ngapi. La pili ni idadi: unaweza kupanda mawimbi manane, tisa, kumi, lakini katika mfumo unaotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu, ISA, ambao mashindano mengi ya ridhaa huufuata, yanayohesabiwa ni mawili bora tu. Kila wimbi hupewa alama kati ya sifuri na kumi, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 20. Mengine yote hutupwa, na wala hayakupunguzii kitu.

Aliyefanya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ataelewa upesi. Ulifanya masomo manane, jumla ikatokana na saba. Lile la nane, lililokutesa miaka minne, lilikaa kwenye cheti bila kugusa gredi. (Tangu 2023 hesabu imepangwa upya, Hisabati na lugha moja zinaingia lazima, lakini wazo la kuchagua yaliyo bora limebaki.) Sasa fikiria mtahiniwa aliyelala usingizi, akafanya somo moja peke yake na kulipita vizuri sana. Huyo ndiye Medina wa usiku ule.

La tatu ni kuanguka, na hapa ndipo nilipokuwa mbali zaidi. Kuanguka hakukatwi alama. Ukianguka katikati ya mbinu, tuseme mkato wa ubao au kuruka hewani, mbinu hiyo huhesabiwa kuwa haikukamilika, lakini uliyoyafanya kabla yake kwenye wimbi lilo hilo yanabaki yako. Anayeteleza kwa uangalifu mkubwa, wima kama mtu aliyebeba trei ya mayai, anafika ufuoni mkavu na kupewa 2 na ushei. Vigezo vya ISA vinataka kinyume cha uangalifu: kujitosa na ugumu wa unachokijaribu, ubunifu, aina tofauti za mbinu, jinsi zinavyounganishwa, kisha kasi, nguvu na mtiririko. Ukubwa wa wimbi haumo kwenye orodha hiyo. Unaingia kwa mlango wa nyuma, maana kujitosa kwenye ukuta wa maji unaokuzidi kimo si sawa na kujitosa kwenye wimbi la magotini.

Najitetea kidogo, hata hivyo. Kosa langu liliwahi kuwa sheria. Katika mashindano ya Makaha, Hawaii, yaliyoanza miaka ya 1950, urefu wa safari ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotuzwa alama. Baadaye, miaka ya 1970, palijaribiwa pia mfumo wa kuhesabu mbinu moja moja, kila mkato na alama yake. Ulionekana wa haki kuliko wote, hadi wachezaji walipoanza kujaza wimbi kwa vimikato vidogo vidogo ili kukusanya pointi. Leo jaji hutazama wimbi zima kama kitu kimoja, na mbinu moja nzito yaweza kuzishinda nyepesi nne.

Hapo ndipo penye swali gumu. Kama hakuna kinachohesabiwa, hiyo 6 inatoka wapi?

Jibu nililipata kwa vitendo. Jumamosi iliyofuata nilichapisha karatasi tano kwenye saiba, nikachora safu kwa ajili ya kila mchezaji na visanduku vya mawimbi, kama fomu ambazo majaji hutumia pale pasipo na kompyuta. Nikazipeleka kwa kinyozi, tukatazama marudio sauti ikiwa imezimwa: kinyozi, mimi, mzee mmoja aliyekuja kunyoa ndevu, na vijana wawili waliokuwa wakingoja foleni. Wimbi la kwanza likaja, mchezaji akaingia ndani ya handaki la maji, akapotea, akatoka. Kinyozi akaandika 9.5. Mzee akaandika 5.

"Mzee, wewe una roho ngumu," kinyozi akasema.

"Wewe ngoja," mzee akajibu.

Wimbi la tatu lilikuwa zuri kuliko la kwanza kwa mbali. Mzee akaandika 7.5 na kutulia. Kinyozi akabaki na kalamu hewani, akauliza kama anaruhusiwa kuweka kumi na moja.

Mzee, ilibainika, alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Alisahihisha rundo la insha arobaini kila wiki kwa miaka zaidi ya thelathini, na alitueleza jambo ambalo wakufunzi wa majaji hulieleza karibu vilevile. Insha ya kwanza kwenye rundo ni ya hatari. Hujasoma nyingine, hujui darasa limeandika vipi mwaka huu. Ukivutiwa na methali mbili za ufunguzi ukaituza 18 kwa 20, umejifunga: insha ya kumi na tano ikija imezidi hiyo, na ya thelathini ikaizidi zote, utazibana zote tatu kati ya 18 na 20. Kwa hiyo mtahini hujiuliza kwanza hii ni ya kiwango gani, A, B, C au D, kisha ndipo hutafuta alama ndani ya kiwango. Na kabla ya kazi kuanza, watahini huketi pamoja na kusahihisha nakala zile zile, ili 13 ya huyu iwe 13 ya yule.

Majaji wa mawimbi hufanya hivyo hasa. Kipimo chao kina ngazi: chini ya 2 ni hafifu, 2 hadi 3.9 ni ya kuridhisha, 4 hadi 5.9 ya wastani, 6 hadi 7.9 nzuri, 8 kwenda juu bora sana. Wimbi la kwanza la mchujo huliweka ngazini, na jaji mkuu huhakikisha wenzake wako kwenye kipimo kimoja. Kuanzia hapo kila wimbi hulinganishwa na yaliyotangulia: lilikuwa bora kuliko lile la mwenye jezi nyekundu, lakini halikufikia la mwenye bluu? Basi liko katikati yao. Namba huja mwisho. Kazi ya kweli ni kupanga foleni. Ndiyo maana 7 ya leo, bahari ikiwa imechafuka, haiwezi kuwekwa kwenye mizani na 7 ya jana. Na ndiyo maana pia, nadhani, 9.90 ya Medina haikuwa 10, ingawa majaji hawadaiwi maelezo na mimi ningemwachia hiyo sehemu ya kumi bila kinyongo.

Desimali hizo nazo zina hadithi yake. Katika mashindano makubwa majaji huwa watano kwa kila wimbi. Alama ya juu kabisa huondolewa, ya chini kabisa huondolewa, na tatu zinazobaki hutolewa wastani. Chukua mfano wa kubuni: 6.0, 6.5, 6.5, 6.0 na 8.0. Ondoa ile 8.0 na 6.0 moja, zinabaki 19.0, gawanya kwa tatu, unapata 6.33. Ukiona alama inaishia na .33 au .67, ujue ni watu watatu waliotofautiana kidogo. Ni akili ile ile ya kuuliza bei ya viatu sokoni Gikomba. Uliza vibanda vitano, msahau aliyekuona mgeni, msahau na anayefunga aende nyumbani, bei halisi iko kwa waliobaki. Mbinu hii inamdhibiti jaji mmoja aliyepotoka. Wawili wakipotoka upande mmoja, mmoja wao anabaki ndani ya hesabu. Na mashindano madogo ya klabu mara nyingi huwa na majaji watatu tu chini ya mwavuli, wakati mwingine ni wachezaji waliotoka majini sasa hivi na wanasubiri zamu yao nyingine, kwa hiyo hakuna wa kuondolewa.

Mengine ni ya kupitia haraka. Mchujo wa kawaida huwa dakika 20 hadi 30, watu wawili hadi wanne majini, kila mmoja na jezi ya rangi yake. Idadi ya mawimbi huwekewa kikomo. Ishara ya kijani huonyesha muda unaenda, ya manjano kwamba zimebaki dakika tano. Wimbi la dakika ya mwisho huhesabiwa iwapo mikono yako imeachia ubao ukiinuka kabla honi haijalia, na nusu sekunde hiyo imewahi kuliza watu wazima.

Kuna sheria moja tu inayoweza kukuumiza kweli: kuingilia wimbi la mwenzako. Pasipo na utaratibu wa kupokezana kipaumbele, yaani haki ya kuchagua wimbi kwanza, aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye njia, kama gari lililokwisha ingia kwenye mzunguko, sheria ambayo madereva wetu wameisikia kwa mbali. Ukimzibia, alama ya wimbi lako la pili bora yaweza kukatwa nusu au kufutwa kabisa, kutegemea kama kipaumbele kilikuwa kimetangazwa. Kwenye fomu, jaji huchora pembetatu kuizunguka alama ya mkosaji na mshale kuelekea kwa aliyekosewa. Na jaji asiyeliona wimbi haruhusiwi kukisia. Huandika herufi M kwenye kisanduku. Kijana mmoja wetu alikuwa na M tano, zote kwa sababu ya simu.

Tulimalizia na fainali. Robinson, yule yule aliyeniponza, alikutana na Kauli Vaast, kijana wa Tahiti anayeijua bahari ile tangu utotoni. Vaast alipata mawimbi mawili mazuri mapema, 9.50 na 8.17, jumla 17.67. Kisha maji yakatulia tena. Robinson alingoja wimbi la pili la maana na halikuja. Alimaliza na 7.83.

Kinyozi aliangalia visanduku vitupu kwenye safu yake, akauliza, "Hapa tujaze M?"

"Hapana," mzee akasema, akijipangusa sabuni kidevuni. "M ni ya jaji. Hapa bahari ndiyo iliyokosa."