Meya Si Mkurugenzi: Dhana Potofu za Wafanyabiashara wa Madini Wanaoutaka Umeya

Kazi yangu ni kuandaa hesabu na leseni za wafanyabiashara wa vito hapa Arusha. Uchaguzi ukikaribia, hakosekani mteja wa kuniambia kwamba safari hii anaingia, na akishakuwa meya atalinyoosha jiji kama anavyoendesha ofisi yake. Nimewaeleza mmoja mmoja hadi nimechoka. Sasa naandika.

Dhana inayonikera kuliko zote ndiyo hiyo: kwamba meya ndiye bosi wa jiji. Naielewa inakotoka. Dila, yaani mnunuzi wa vito (sisi husema mawe), amezoea kuamua peke yake. Analigeuza jiwe kwenye mwanga, analikagua kwa lenzi, anataja bei, analipa, biashara imekwisha. Hakuna kikao wala muhtasari, na hakuna wa kumuuliza kwa nini ametoa milioni 20 badala ya 15. Halafu mtu huyo anadhani umeya ni ofisi ileile, ila kubwa zaidi.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inamfanya meya kuwa mwenyekiti wa Baraza la Madiwani. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi wa Jiji, ambaye anateuliwa na Rais. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli: malipo yanaidhinishwa kwake, na hela ikipotea ndiye anayeitwa kujieleza mbele ya kamati ya Bunge. Meya hasaini malipo. Hagawi zabuni pia, kwa sababu zabuni zina bodi yake na siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Wala haajiri. Wapo watumishi ambao baraza ndilo mamlaka yao ya nidhamu, lakini hata hao wanashughulikiwa na baraza likiwa limeketi, na utaratibu ukiwa umefuatwa. Meya hawezi kumfukuza mtu kwa simu akiwa kwenye gari.

Mteja akifika hapo huwa ananijia na barabara: "Basi angalau nitaweka lami." Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala wa serikali, TARURA. Maji ya Arusha yana mamlaka yake, AUWSA. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Bajeti yenyewe, baraza likishaipitisha, inapanda mkoani, inafika TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, inaishia bungeni. Ukimaliza kuhesabu visivyo vya meya, ndipo unaweza kuongea kwa maana kuhusu vilivyo vyake.

Na anavyo, tena vizito. Anaongoza vikao vya baraza na Kamati ya Fedha na Uongozi, kamati inayoona taarifa za mapato na matumizi kabla ya madiwani wengine. Hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zikija, meya makini anaweza kumkalisha mkurugenzi na wakuu wa idara wakajibu moja baada ya nyingine, hadharani. Anaweza kufuatilia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, akajua imefika kwa nani na imerudi kiasi gani. Hiyo ni kazi ya kusoma makaratasi usiku na kushawishi watu mchana. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa kila mwenye nia ni uleule, na wengi hawaupendi: kabla hujachapisha fulana hata moja, soma Kanuni za Kudumu za Halmashauri kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha soma ripoti ya CAG ya jiji lako. Asiye na subira ya kurasa hizo hatakuwa na subira ya kikao cha baraza.

Kuna wanaoamini kuwa wananchi ndio watakaowapigia kura ya umeya. Wananchi wanachagua diwani wa kata. Meya anachaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na kabla ya hapo kuna mchujo wa chama, kwa sababu mgombea binafsi haruhusiwi. Kwa hiyo umaarufu wa mjini peke yake haukufikishi popote. Madiwani hao hao wanaweza kukuondoa, kama yalivyotokea Dar es Salaam Januari 2020 baraza lilipompigia meya kura ya kutokuwa na imani naye.

Dhana nyingine inasemwa kwa sauti ya chini, na huwa naikata mapema: "Nikiwa meya, mambo ya madini yatakuwa mikononi mwangu." Hayatakuwa. Leseni za uchimbaji na za biashara ya madini zinatolewa na Tume ya Madini. Mrabaha wa asilimia 6 ya thamani ya vito ghafi na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vinaingia Serikali Kuu. Halmashauri inapata ushuru wa huduma tu. Na Mererani yenyewe, ambako ndiko tanzanaiti inatoka, iko Simanjiro mkoani Manyara. Meya wa Arusha hana kauli hata kwenye geti la ule ukuta unaozunguka migodi.

Upande wa wapiga kura nako kuna dhana yao, nayo inawaumiza wateja wangu. Wanaamini kila mfanyabiashara wa madini aliwahi "kupata jiwe" na sasa ana hela zisizoisha. Mfano unaotajwa kila mara ni Saniniu Laizer, aliyeiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti mwaka 2020, moja la zaidi ya kilo 9 na jingine la zaidi ya kilo 5, kwa takriban shilingi bilioni 7.7. Laizer ni mchimbaji mwenye leseni yake. Broka na dila wanaishi maisha mengine kabisa. Broka anaunganisha watu, anakula kamisheni. Dila ananunua kwa mtaji wake, na mtaji huo unalala ndani ya mawe. Tanzanaiti nyingi inatoka ardhini ikiwa ya kahawia na hugeuka bluu ikichomwa, na jiwe lenye ufa linaweza kupasuka humo humo kwenye moto. Likienda kukatwa, uzito unaweza kupungua zaidi ya nusu. Kasha lililojaa mawe si hela ya michango ya harusi ya kata nzima. Mgombea anayeuza mawe yake kwa hasara ili agawe hela anaua biashara, na anajitafutia kesi pia: Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inataka matumizi yatangazwe, na kugawa fedha kwa wapiga kura ni rushwa. Nawasihi wapiga kura wasimpime mtu kwa anachogawa.

La mwisho ni wale wanaodhani ukiwa meya lazima ufunge biashara. Hapana. Cheo hicho hulipwa posho, na mtu anaruhusiwa kuwa na kazi yake. Ila kuna masharti, na hapa huwa sina mzaha na mteja. Mali zote, pamoja na mawe yaliyo kwenye kasha, zinaandikwa kwenye tamko linalopelekwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kabla ya 31 Desemba kila mwaka. Jambo lenye maslahi yako likija kwenye baraza, unalitamka na hupigi kura. Leseni ya biashara ya madini nayo ni ya mwaka mmoja. Fungua akaunti ya siasa mbali na akaunti ya mawe, na msimamizi wa ofisi awe na mamlaka ya maandishi. Tamko nianze kuliandaa Oktoba, si wiki ya Krismasi.