Elimu kwa Umma: Poda ya Germani Haiondoi Sukari Mwilini

Kampeni yetu ya ukaguzi wa dawa zisizosajiliwa imefika Ngamiani, jijini Tanga, na kila baraza tunaulizwa lile lile: poda nyeupe iitwayo "germani hai" (germani ni elementi, nusu-metali), wanayouziwa wagonjwa wa kisukari kwa madai kwamba huondoa sukari mwilini, ina ubaya gani? Wanaouliza wana nia njema, basi nawajibu wote kwa pamoja.

Bibi mmoja alituletea poda yake ndani ya chupa ya asali. Laini kama unga wa muhogo, haina harufu. "Mwanangu, si wamesema ni oganiki? Cha asili kinadhuru vipi?"

Shikamoo bibi, lakini sivyo. Kwa mkemia, oganiki ni kitu kilichojengwa kwa kaboni, hata kama hakijawahi kuona shamba. Petroli ni oganiki. Fomalini ya kuhifadhia maiti ni oganiki. Tumelisema hili redioni na sokoni, na bado kila wiki linarudi. Wauzaji mnaolijua, acheni kulitumia neno hilo kama cheti cha usalama.

Sasa kuhusu sukari, maana hapo muuzaji kaokota nusu ya ukweli. Glukosi mnyororo wake ukifunguka huwa na kabonili (kaboni na oksijeni zilizoungana kwa kifungo maradufu) ya aldehaidi. Fruktosi huwa na ya ketoni, na hapo ndipo zinapotofautiana. Ge-132, oganogermani (germani iliyoungana na kaboni, ndiyo hiyo "germani hai") iliyotengenezwa Japani na Kazuhiko Asai mwaka 1967, ikiyeyuka majini hushikana na haidroksili (vikundi vya oksijeni na haidrojeni) za sukari, na fruktosi huikamata kwa nguvu kuliko glukosi. Ndiyo maana, ikitiwa kwenye chombo chenye kimeng'enya kinachogeuza glukosi kuwa fruktosi, kila fruktosi inayozaliwa inashikwa na mgeuko unazidi kusonga mbele. Ni kemia nzuri, mimi mwenyewe naipenda. Ila sukari imebadilika umbo tu, haikwenda popote. Tena kimeng'enya hicho hutolewa kwa bakteria. Ndani ya damu yako hakimo. Dawa ulizoandikiwa hospitali usiziache.

Hatari yenyewe iko kwenye figo. Miaka ya 1980, Japani, watu waliotumia bidhaa za germani kwa miezi mingi figo zao zilishindwa kazi, na wengine walifariki. Mshukiwa mkubwa ni dioksidi ya germani (germani na oksijeni tu, bila kaboni), nayo ni poda nyeupe vilevile. Huharibu mirija midogo ya figo huku mkojo ukionekana safi, bila protini wala damu, na mgonjwa anajiona mzima. Aliyekwisha kuitumia aombe kupimwa kreatinini ya damu, taka ambayo hupanda figo zikishindwa kuichuja. Kwa macho poda hizi mbili hazitofautiki. Maabara huzitenga kwa mashine ya infraredi: Ge-132 ina kabonili, ambayo alama yake hutokea karibu na 1,700 kwa sentimita (mawimbi ya mwanga katika kila sentimita), dioksidi haina.

Bidhaa ikidai kutibu ni dawa mbele ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, hata kama kopo limeandikwa "kirutubisho". Isajiliwe kwanza, ndipo iingizwe nchini, ndipo iuzwe, kwa mpangilio huo. Mkaguzi akiikuta haijasajiliwa huizuia, huandika orodha, hufunga sampuli kwa lakiri mbele ya mwenye duka, kisha wote wawili husaini. Shauri likifika mahakamani kuna faini, kifungo, au vyote viwili, na mzigo huteketezwa.

Mlalamikaji alete poda ikiwa ndani ya kopo lake la awali, lebo haijabanduliwa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi zinasomeka, pamoja na risiti. Kama hakupewa risiti, aandike siku aliyonunua, mahali na bei. Asiihamishie kwenye chombo kingine. Bila namba ya toleo hatuwezi kufuatilia mzigo ulikotoka.

Kopo la yule bibi lilikuwa limeshachomwa na takataka. Yeye tulimwelekeza akapime kreatinini. Sampuli yake tumeiandikia "chanzo hakijulikani", na aliyemuuzia bado hatujampata.